Betri kubwa ya haibridi inaposumbua: tafuta chanzo kabla ya kununua nyingine

Taa ya pembetatu nyekundu ikiwaka kwenye Prius au Aqua, neno la kwanza utakalosikia gereji ni "Bosi, betri imekufa." Wakati mwingine ni kweli. Lakini taa hiyohiyo huwashwa na feni iliyoziba vumbi, betri ndogo ya volti 12 iliyochoka, waya mwembamba ulioliwa na kutu, au pampu ya maji ya inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kubwa uiendeshe mota) iliyogoma. Vyote hivyo vinatengenezeka kwa sehemu ndogo ya bei ya betri. Kwa hiyo hapa tunakwenda dalili kwa dalili, tukianza na kisicho na gharama.

Ninazungumzia Toyota tatu zilizojaa barabarani kwetu: Prius kizazi cha pili (NHW20, kuanzia 2003), Prius kizazi cha tatu (ZVW30, kuanzia 2009) na Aqua (NHP10, kuanzia mwisho wa 2011). Zote zina betri ya nikeli. Prius Alpha ya viti saba, pamoja na Honda Fit na Vezel za 2013 kuja huku, zina betri ya lithiamu. Dalili kadhaa zinafanana, ila yale ya kufungua boksi na kupima moduli moja moja usiyajaribu kwenye lithiamu.

Matatizo haya yanaongezeka na sababu yake iko wazi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8, kwa hiyo wengi huagiza la miaka 7, maana ndilo la bei nafuu. Tanzania haikatazi, inatoza tu ushuru wa ziada kwa gari kuukuu, ndiyo maana Dar bado utaona Prius za 2005 zikipiga kazi. Gari linafika na betri iliyokwisha kutumika miaka mingi, halafu linaanza maisha mapya ya joto la pwani, vumbi na foleni.

Kilichomo ndani ya boksi

Betri ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni moduli 28 zilizopangwa mstari mmoja na kubanwa pamoja. Kila moduli ina seli sita na volti 7.2, hivyo zote kwa pamoja zinatoa volti 201.6. Aqua ina moduli 20, volti 144. Mafundi wengi wakisema "seli moja imekufa" wanamaanisha moduli moja, kwa hiyo mkielewana bei hakikisheni mnazungumzia kitu kimoja.

Kompyuta ya betri haipimi kila moduli. Kwenye Prius inazipima mbili mbili, jozi 14. Na haiachi betri ijae wala iishe: inaizungusha kati ya takribani asilimia 40 na 80 ya uwezo wake. Uwezo wenyewe ni mdogo, ampea-saa 6.5 betri ikiwa mpya, kwa hiyo moduli moja ikipoteza nguvu inaonekana upesi. Moduli zimeungana mfululizo, mkondo uleule unapita kwenye zote, na iliyochoka ni kikombe kidogo kati ya vikubwa: hujaa kabla ya wenzake na kukauka kabla yao.

Moduli za katikati ndizo hufa kwanza mara nyingi, kwa kuwa hazipati upepo kama za pembeni. Likumbuke hilo, litatusaidia mbele.

Soma namba, usisome taa

Taa inasema tu kwamba kuna jambo. Namba za hitilafu ndizo zinazosema jambo gani. Adapta ndogo ya Bluetooth ya kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu kama Dr. Prius au Hybrid Assistant inatosha kuanzia, na utaona volti za kila jozi gari likiwa linatembea. Ukienda kwa fundi mwenye mashine kubwa, piga picha skrini kabla hajafuta chochote. Kuna mafundi hufuta kwanza ndipo wanaanza kufikiri, na ushahidi wote unakwenda na maji.

P0A80 ndiyo inayotisha watu kwa sababu mashine huiandikia "badilisha betri". Maana yake halisi ni nyembamba zaidi: kompyuta imeona volti za jozi zinapishana kupita kiasi. Haijasema kwa nini. P3011 hadi P3024 zinataja jozi yenyewe, ya kwanza hadi ya 14. P0A82 ni feni ya betri. P0A93 ni upozaji wa inveta, haihusiani na betri hata kidogo. P0AA6 ni umeme mkubwa unaovuja kwenda kwenye bodi. P0A0D ni kufuli la usalama ambalo halijafunga. P3000 ikiwa peke yake haikuelezi mengi, tafuta mwenzake.

Gari halifiki READY, dashibodi imejaa taa

READY ni taa ya dashibodi inayosema gari liko tayari kuondoka. Isipowaka, anza na betri ndogo, kila mara. Ndiyo inayoamsha kompyuta na kufunga swichi kubwa za umeme wa juu. Ikilegea, gari linaweza kuonyesha hitilafu za breki, usukani na haibridi kwa mpigo, na hakuna hata moja iliyo ya kweli. Kwenye Prius iko kwenye buti upande wa kulia. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma.

Chukua testa. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzima inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichaji kwanza kabla ya kuhukumu kitu kingine. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili bila kukanyaga breki, washa taa kubwa, na utazame testa kwa dakika mbili tatu. Ikiporomoka kuelekea 11 na kupita, umepata mhalifu. Gari likiwa READY inapaswa kusoma kati ya 13.8 na 14.5, ikibaki kwenye 12 na ushee, kigeuzi kilicho ndani ya inveta hakiichaji, na hapo hata betri mpya itaisha.

Magari haya hayana altaneta wala stata. Umeme mdogo unatoka kwenye betri kubwa kupitia inveta, na injini inawashwa na mota kubwa kwa nguvu ya betri kubwa. Ukiliamsha kwa waya za kubusti unaamsha kompyuta tu, hulizungushi. Ndiyo maana gari dogo tu linatosha kuliamsha, na ndiyo maana kugeuza waya, chanya kwa hasi, kunaunguza fyuzi kuu na mara nyingine inveta yenyewe. Tumia nguzo yenye kifuniko chekundu ndani ya boksi la fyuzi mbele.

Na ukinunua betri ndogo, usifunge ile ya maji ya kawaida. Iko ndani ya kabini, na inapochaji hutoa gesi. Ya asili ni ya aina iliyofungwa, yenye kibomba cha kutolea gesi nje ya gari. Nimeona kibomba hicho kikining'inia hewani kwenye magari mengi kuliko nilivyokiona kimechomekwa.

Mistari ya chaji inapanda na kushuka kama haina breki

Unatoka taa za barabarani ikiwa mistari sita, mita mia tatu mbele imebaki miwili ya zambarau, injini inanguruma. Unashuka kimteremko, imejaa kijani. Hii ndiyo dalili ya kweli ya betri iliyopungua uwezo, na mara nyingi inatangulia taa nyekundu kwa wiki au miezi. Mafuta yanaanza kuliwa zaidi, feni ya nyuma inasikika, injini inawaka hata gari likiwa limesimama kwenye foleni.

Usikimbilie kuagiza. Fungua programu kwenye simu, tazama volti za jozi. Gari likiwa limetulia bila mzigo, jozi nzima hukaa karibu karibu, zikipishana sehemu ndogo tu ya volti. Sasa mpe mtu usukani, mpande kilima huku injini na mota zikivuta pamoja, wewe ukitazama simu. Jozi moja ikiachwa nyuma kwa volti moja au zaidi huku wenzake wakishuka kwa pamoja, hiyo ina seli iliyokufa. Volti 1.2 ni kipimo cha seli moja hasa, kwa hiyo pengo la kiasi hicho linajieleza lenyewe.

Kama zote zinashuka pamoja na kupanda pamoja, kwa kasi, bila hata moja kuachwa, hakuna "seli moja" ya kubadilisha. Betri nzima imezeeka sawasawa. Akikwambia fundi atabadilisha mbili na kumaliza, mwambie akuonyeshe ni zipi.

Halafu kuna mazoea ya kuweka gia N kwenye foleni. Kwenye gari la kawaida si neno. Kwenye haya, ukiwa N mfumo hauwezi kuchaji betri kubwa hata injini ikiwa inazunguka, na AC inaendelea kuinyonya. Kaa D, kanyaga breki. Ikiwa mistari inakuishia kwenye foleni tu na mahali pengine hapana, jaribu hilo kwanza.

Feni inapiga kelele, betri inachemka

Betri hupozwa na hewa ya ndani ya gari, hewa hiyohiyo unayovuta wewe. Kwenye Prius inaingilia kwenye matundu pembeni ya kiti cha nyuma. Kwenye Aqua tafuta chini ya kiti hichohicho. Mzigo, mkoba, blanketi la mtoto vikiziba pale, betri inakosa pumzi. Ondoa.

Lakini shida kubwa iko ndani. Toa feni yenyewe, ni bolti chache tu na plagi moja, na uitazame mabawa yake. Kwenye gari lililofanya teksi Dar au Mombasa utakuta vumbi limegandamana kati ya mabawa hadi yamekuwa pipa lisilo na mapengo. Feni inazunguka, inapiga kelele zote, hewa haisogei. Piga brashi kavu na upepo wa kompresa, lakini zuia mabawa kwa kidole yasizunguke yenyewe wakati wa kupuliza. Usimwagie maji mota.

Kama gari limekuwa likionyesha joto la betri kupita nyuzi 45 hivi kila siku, kazi hii haitarudisha uwezo uliokwisha kupotea. Itazuia tu upotevu mwingine, hasa wa zile moduli za katikati. Ifanye kila mwaka. Ukiwa na abiria wa nyuma na AC, mpe na betri upepo wa baridi: AC ya gari hili haiwapozi watu peke yao.

Zinazofanana na betri lakini si betri

Prius ya kizazi cha tatu ikitikisika vibaya ukiiwasha asubuhi, kana kwamba injini inataka kuruka, kisha ikatulia, usiguse betri. Tazama maji ya rejeta. Injini yake ya 2ZR-FXE inajulikana kwa kuziba masizi kwenye kipoza cha moshi unaorudishwa, na gasketi ya silinda hedi kuachia. Maji yakipungua bila kuvuja nje, umeshajua.

P0A93: fungua kifuniko cha tangi dogo la maji ya inveta (si la injini) gari likiwa READY, utazame ndani. Maji yanapaswa kuchezacheza. Yakitulia tuli, pampu ndogo ya umeme imekufa. Kwenye Prius ya kizazi cha pili pampu hii ilisumbua kiasi kwamba Toyota ilirudisha magari kuibadilisha mwaka 2012. Usiendeshe hivyo, inveta ina thamani kuliko betri.

P0AA6 inahitaji subira. Namba ndogo inayoambatana nayo inaonyesha eneo: 611 ni upande wa AC, 612 ni betri yenyewe, 613 ni gia na mota. Ikiwa 612, mara nyingi moduli imevuja dawa yake na dawa imefika kwenye bati la boksi. Ikiwa 611, muulize aliyejaza gesi ya AC mara ya mwisho: "Fundi, uliweka oili gani?" Kompresa ya magari haya inaendeshwa na umeme wa betri kubwa, na waya za mota yake zimeoga ndani ya oili. Inataka oili ya ND-11, ambayo haipitishi umeme. Ile ya kawaida inayowekwa kwenye kila gari barabarani hupunguza kinga ya waya, na gari linakataa kuwaka ukiwasha AC au hata kabla. Kusafisha mfumo baada ya hapo ni kazi na gharama. Gesi ya AC kwenye haibridi isijazwe na kila anayepita na mtungi.

Gari limekaa muda mrefu, au liliishiwa petroli

Betri ya nikeli hupoteza chaji ikiwa imetulia tu. Gari lililokaa yadi, likapanda meli, likakaa bandarini likisubiri ushuru, linaweza kufika na moduli zisizolingana japo hazijafa. Liendeshe kwa siku kadhaa, safari ndefu zenye vilima, kabla ya kulihukumu.

La petroli ni baya zaidi. Petroli ikiisha, Prius inaendelea kutembea kwa umeme, dereva anafurahi, hadi umeme nao unaisha. Ukiongeza lita mbili na kubonyeza kitufe mara nyingi, kila jaribio linanyonya kilichobaki. Ukiona P3190 au P3191, weka mafuta ya kutosha, lita kumi si mbili, futa namba, jaribu mara moja au mbili, basi. Betri kubwa ikiisha kabisa hakuna waya za kubusti zitakazolisaidia. Itabidi ichajiwe kwa chaja maalumu au kwa kuitoa.

Kuifungua

Hapa wengine wafunge ukurasa na kumpigia fundi anayeijua kazi. Volti 200 za mkondo wa moja kwa moja haziachii mkono.

Zima gari, peleka ufunguo mbali, ng'oa hasi ya betri ndogo. Vua pete, saa na cheni. Vaa glavu za mpira za daraja 0, za volti 1000, na kabla ya kuzivaa zikunje kuanzia kwenye mkono hadi hewa ijae vidoleni: ikivuja, tupa. Vuta plagi ya rangi ya machungwa ya betri kubwa, iweke mfukoni mwako ili asije mtu "akakusaidia" kuirudisha. Subiri dakika kumi kapasita za inveta zimwage umeme. Kisha pima.

Plagi ile inaukata mnyororo sehemu moja tu. Vipande vinavyobaki bado vina umeme, na kwenye Prius upande mmoja unaweza kuwa na zaidi ya volti 100. Ukiondoa kifuniko cha boksi, fikiria kuwa kila chuma unachokiona kinauma, na usiache spana yenye pande mbili tupu ikalala juu ya moduli. Funga mpini wake utepe wa umeme.

Sasa, ondoa kifuniko cha plastiki upande wa nati na utazame kwa tochi kabla ya kugusa. Utaona vipande vidogo vya shaba vinavyounganisha moduli, kila kimoja na nati mbili. Unyevu wa pwani na mvuke wa dawa huvila. Kimoja kitakuwa cheusi kama kimechomwa, kingine kina unga wa kijani na mweupe pembeni ya nati. Kutu hiyo ni ukinzani, ukinzani ni joto na volti inayopotea, na kompyuta inaisoma kuwa jozi dhaifu. Kwenye fremu ya plastiki ya rangi ya machungwa zinapita waya nyembamba za kupimia. Kishikizo cha waya mmoja kikiliwa na kutu, jozi yake itasomeka mbovu hata kama moduli zake ni nzima kabisa.

Hapo ndipo testa inapolipa. Pima jozi iliyolaumiwa moja kwa moja kwenye nguzo zake. Ikiwa testa inasema volti 15.8 na mashine ilisema 14.9, betri haina hatia, waya ndio wenye kosa. Vitoe vipande vya shaba, loweka kwenye siki, sugua hadi shaba ing'ae, suuza, kausha kabisa. Vilivyoliwa mno vibadilishe, si ghali. Fremu ya waya nayo inauzwa peke yake.

Kurudisha nati ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Kipimo ni nyutoni-mita 5.4, kiasi cha kukaza kwa vidole viwili na nusu. Bolti yake imeshikiliwa na plastiki ya moduli. Ukikaza kwa nguvu ya nati za gurudumu inazunguka ndani, na moduli nzima imekufa mikononi mwako. Tumia spana ya kipimo. Usikadirie.

Kupima moduli moja moja

Zikiwa mezani, ziandike namba 1 hadi 28 kwa kalamu, kwa mpangilio ule ule. Pima kila moja ikiwa imetulia. Nzima hukaa karibu na volti 7.5 hadi 8. Yenye upungufu wa volti 1.2 au zaidi kuliko wenzake imepoteza seli. Haifufuki, iweke kando.

Volti bila mzigo hazitoshi, moduli mgonjwa anaweza kujikaza. Chukua balbu ya taa kubwa ya gari, wati 55, unganisha kwenye moduli kwa dakika mbili kamili, andika volti ya mwanzo, ya dakika ya kwanza na ya pili. Nzima hushuka kidogo kisha inasimama. Mbovu inaendelea kuteremka mbele ya macho yako, na ukichora namba zote 28 kwenye karatasi utaona bonde katikati. Ni zile zilizokosa upepo.

Mwenye chaja ndogo ya kupima uwezo anaweza kwenda hatua zaidi: kuchaji na kumwaga kila moduli mara kadhaa na kusoma imetoa ampea-saa ngapi kati ya zile 6.5. Mizunguko hiyo huamsha baadhi zilizolala. Zisizofika hata nusu usizirudishe. Na usichaji moduli iliyo huru: inapopata joto huvimba tumbo na haitarudi kwenye nafasi yake. Ibane kati ya vibao viwili kama ilivyokuwa ndani ya boksi.

Moduli moja, au zote?

Msimamo wangu ni kwamba kubadilisha moduli moja ni kununua muda, na ni halali ukiwa unajua hivyo: unataka gari likufikishe mwisho wa mwezi, au unaliuza na utamwambia mnunuzi. Moduli 27 zilizobaki zina umri uleule, zilikula joto lileile. Uliyoweka ikiwa na nguvu kuliko wenzake itapishana nao, ikiwa dhaifu ndiyo itakayofuata. Kuna watu wamefungua boksi hilohilo mara kadhaa ndani ya mwaka, na gharama za fundi zikapita bei ya betri.

Ukishapata moduli tatu au nne mbovu na kundi la dhaifu katikati, acha kubahatisha. Njia zilizopo ni tatu. Betri mpya kamili ni ghali na inakaa muda mrefu. Moduli zote 28 kutoka betri ya Prius ya kizazi cha tatu huingia hata kwenye boksi la kizazi cha pili, kwa kuwa umbo ni lilelile, na ni njia nzuri ikiwa zimetoka kwenye gari moja na zimepimwa. Ya tatu ni boksi la mtumba kutoka Japani, linalouzwa Gerezani (Dar), Kirinyaga Road (Nairobi) au Kisekka (Kampala) kama lilivyo.

Kwa hilo la tatu, usinunue kwa volti. Muuzaji ataweka testa, itasoma 215, atakuambia "si unaona, mpya hii." Betri mbovu iliyochajiwa jana inasoma hivyohivyo. Muombe karatasi ya vipimo vya kila moduli chini ya mzigo. Kama hana, omba afungue kifuniko: vipande vya shaba vinavyong'aa sana kwenye boksi kuukuu vinaonyesha limekwisha kufunguliwa, na namba za moduli zisizofuatana zinaonyesha limeshonwa kutoka kwenye mabaki ya mengine. Dhamana ya maandishi, hata ya miezi mitatu, ina thamani kuliko punguzo la bei.

Umefunga, na bado halifiki READY

Usikate tamaa, tazama plagi ya machungwa. Haitoshi kuisukuma ndani. Mpini wake una hatua ya mwisho, ya kuuteremsha au kuutelezesha hadi ufunge, na hiyo ndiyo inayoziba kufuli la usalama. Ukiiacha nusu unapata P0A0D na gari linakataa. Nadhani hakuna kosa linalorudisha watu gereji kuliko hili.

Kisha tazama plagi ya feni, vihisi vya joto vilivyobanwa chini ya moduli, na bomba dogo la kutolea gesi linalopita juu ya moduli zote. Hakikisha hukugeuza moduli: zinapokezana, chanya na hasi, na moja ikigeuka utaiona kwa testa kabla ya kufunga chochote, jumla ikipungua karibu volti 15.

Futa namba, endesha kilomita chache za kawaida, kisha kilima. Andika pengo kati ya jozi ya juu na ya chini. Pima tena baada ya wiki, na baada ya mwezi. Pengo likibaki palepale, rudisha viti vya nyuma na plastiki zake. Likiongezeka kila ukipima, usirudishe plastiki bado, na mpigie aliyekuuzia ukiwa na karatasi yako mkononi.